Bundi akilia lazima mtu afe? Au tunazikumbuka zile siku alizopatia tu?

Mnazi Mkinda #1
Wakuu salaam.

Mtaani kwetu amefariki mzee mmoja aliyekuwa anaumwa tangu mwaka jana. Pale msibani, kaburi halijaanza hata kuchimbwa, wanaume watatu chini ya turubai walikuwa wanaapa kwamba usiku ule bundi alilia juu ya mwembe wa marehemu. Mmoja akaongeza kwamba hata alipofariki mke wa balozi wa nyumba kumi ilikuwa hivyohivyo. Waliokuwa karibu wote wakaitikia.

Mimi nyumba yangu inapakana na ile. Huyo bundi tunaye miaka yote. Anakaa kwenye dari la ghala bovu la ushirika, na kiangazi analia karibu kila usiku. Sasa zile siku zote ambazo analia, asubuhi tunaamka wazima, tunakunywa chai na kwenda kazini, mbona hakuna anayesema "jana bundi kalia na hakufa mtu"?

Hoja yangu ni hii: akili ya binadamu inahesabu pale ilipopatia, pale ilipokosa inapaacha papite. Na si kwa bundi peke yake. Jicho kucheza, kiganja kuwasha, ndoto ya jino kung'oka, yote yanaishi kwa njia hiyohiyo. Mwenye ushahidi tofauti aulete hapa tuuone.

Pazi #2
Naweka kambi. Huu uzi utafika mbali.

Jicho la Mwewe #3
Mtoa mada, wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliishi na hawa ndege vizazi na vizazi, wewe umesoma kidogo unakuja kuwafuta kwa aya mbili.

Mjomba wangu alipokuwa taabani bundi alikuwa anatua kwenye paa lake. Tunamfukuza kwa mawe, anarudi. Mjomba alipokata roho na mazishi yakaisha, hakusikika tena. Nilikuwepo, sikusimuliwa. Mbwa ananusa mambo tusiyoyanusa, kwa nini bundi ashindwe kunusa mwili unaokufa?

Mwl Hesabu #4
Namuunga mkono mtoa mada, ila hoja yake inahitaji kuchorwa ili ikae sawa.

Chukueni karatasi mchore nyumba ya vyumba vinne. Chumba cha kwanza: bundi kalia, mtu kafa. Cha pili: bundi kalia, hakufa mtu. Cha tatu: hakulia, mtu kafa. Cha nne: hakulia, na hakufa mtu. Msibani watu wote wamejazana chumba cha kwanza. Vile vitatu havina mtu, na bila kuvifungua huwezi kujua kama bundi na kifo vina uhusiano wowote.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Norway, Jan Smedslund, aliwapa wauguzi kadi 100. Kila kadi ni mgonjwa mmoja, imeandikwa kama ana dalili fulani au hana, na kama ana ugonjwa fulani au hana. Kadi 37 zilikuwa na dalili na ugonjwa. Kadi 33 zilikuwa na dalili bila ugonjwa. Kadi 17 ugonjwa bila dalili. Kadi 13 hazikuwa na kimoja wala kingine. Akauliza: je, dalili na ugonjwa vinaendana? Walio wengi wakasema ndiyo, vinaendana.

Sasa pigeni hesabu. Wenye dalili ni 70, kati yao wagonjwa 37, asilimia 53 hivi. Wasio na dalili ni 30, wagonjwa 17, karibu asilimia 57. Yaani asiye na dalili ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa kidogo ya kuumwa! Wauguzi waliona 37, namba kubwa kuliko zote, wakaishia hapo. Na hawa ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni kusoma dalili.

Konda Mstaafu #5
Mwalimu, hata uzi wa bundi unatupigisha hesabu? Ila nimekuelewa, 37 imewavuta macho.

Daktari wa Mifugo #6
Jicho la Mwewe, nakujibu kwa upande wa ndege mwenyewe.

Bundi hawindi kwa pua. Anawinda kwa macho na masikio. Bundi mweupe, huyu anayekaa kwenye magofu na madari, masikio yake hayakupangwa sawa kimo, moja lipo juu kuliko jingine. Ndiyo maana anajua mchakacho umetoka wapi, na ameshajaribiwa kwenye giza totoro akamkamata panya kwa kusikia tu. Kwa hiyo habari ya kunusa mgonjwa naiweka pembeni.

Lakini simwachi mtoa mada apite kirahisi. Fikirieni nyumba yenye mgonjwa mahututi. Taa inawaka usiku kucha, wadudu wanaifuata. Ndugu wamekuja kuuguza, wanapika, mabaki ya chakula yanabaki uani, panya wanaongezeka. Bundi anakwenda penye panya na wadudu. Hapo bundi anaweza kweli kutua mara nyingi zaidi kwenye paa la mgonjwa, tena bila kujua lolote kuhusu kifo. Na msiba ukiisha, taa zikazimwa na wageni wakaondoka, yeye naye anahama. Mjomba wako anaweza kuwa mfano wa hili.

Yaani waliosikia bundi inawezekana hawakukosea kusikia. Wamekosea sababu.

Mnazi Mkinda #7
Daktari, umekuja na kitu kizito. Ila kwetu taa ipo au haipo analia vilevile, ndiyo maana bado nashikilia hesabu za Mwalimu.

Zamu ya Usiku #8
Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi na ningependa kuongeza kitu ambacho Daktari amekigusa nusu.

Anayemsikia bundi ni aliye macho. Saa nane usiku mtaa mzima umelala, anayesikia ni yule anayemgeuza mgonjwa, anayempa maji kwa kijiko, anayehesabu pumzi zake. Huyo ndiye atakayekuja kusimulia. Jirani aliyekoroma hadi alfajiri bundi wake yuleyule alimpita.

Kazini kwetu kuna maneno hayatamkwi. Ukisema "leo pametulia" usiku, wenzako wanakutolea macho kama umeita balaa. Na wote tuliambiwa na waliotutangulia kwamba mwezi mpevu ukifika wajawazito wanafurika. Niliamini kabisa. Siku moja nilichukua kitabu cha kupokelea wagonjwa, kile kikubwa cha jalada gumu chenye tarehe na saa, nikaweka kalenda ya mwezi pembeni nikaanza kufuata mistari. Usiku uliojaa kuliko wote kwenye kitabu kile, mpaka kina mama wawili wakalala kitanda kimoja, mwezi ulikuwa haujaandama. Nikawauliza niliokuwa nao zamu ile. Wote waliukumbuka ule usiku, hakuna aliyeukumbuka mwezi. Ungekuwa mpevu wangeutaja hadi leo.

Na nchi nyingi wamepima kwa vizazi maelfu kwa maelfu, mwezi haukuonekana kuongeza uzazi. Ukiwaambia wenzangu wanakusikiliza, halafu mwezi ukijaa wanaandaa glavu za ziada.

Mzee wa Mkeka #9
Hapa kwa mwezi na bundi sina la kusema, ila kwenye mikeka ya kubeti ndiyo kwenye ukweli wote wa huu uzi.

Nenda kwenye magrupu ya kubeti. Utaona picha ya mkeka uliotiki, laki nane, milioni mbili. Uliona wapi mtu anaweka picha ya mkeka uliochanika? Kijana wa kidato cha nne anatazama zile picha siku nzima anaona mji mzima unakula hela ila yeye. Halafu kuna ile ya timu kumi, tisa zimetiki, moja imechana dakika ya 90. Mtu anaihesabu kama dalili kwamba amekaribia. Hujakaribia popote, umeliwa kama aliyekosa zote kumi.

Kuna ile nyingine ya Las Vegas, gurudumu la kamari liliangukia nyeusi mara 20 na kitu mfululizo, watu wakamwaga hela kwenye nyekundu wakisema sasa zamu yake imefika. Wakafilisika.

Mwl Hesabu #10
Marekebisho madogo kwa Mzee wa Mkeka: haikuwa Las Vegas, ilikuwa kasino ya Monte Carlo, Monaco, tarehe 18 Agosti 1913, na nyeusi ilitoka mara 26. Mengine yako ni sahihi. Gurudumu halina kumbukumbu, halijui kama lilitoa nini dakika iliyopita. Mchezaji ndiye mwenye kumbukumbu, na ndiyo inayomponza.

Konda Mstaafu #11
Mmenikumbusha Loliondo 2011, watu walipofurika kunywa kikombe cha dawa. Niliwahi kupeleka abiria kule, njia ya Mto wa Mbu, Engaruka, unapita Ziwa Natron, vumbi mpaka kwenye meno. Foleni ya magari haionekani mwisho. Watu wamelala chini ya Coaster, wengine na dripu mkononi. Kikombe shilingi 500.

Tukirudi gari lote linaimba. Mwenye sukari anasema nimejisikia mwepesi, mwenye presha anasema kichwa kimeachia. Na mimi natangaza stendi kwamba dawa inafanya kazi, maana wote niliowarudisha wamesema wanajisikia vizuri. Wale tuliowakuta wamefia kwenye foleni sikuwa na jinsi ya kuwahoji. Na waliofia nyumbani mwezi uliofuata hawakurudi stendi kuniambia.

Jicho la Mwewe #12
Sasa hapo mnamgusa mtumishi wa Mungu. Yule padri alitoa dawa kwa imani, hakumlazimisha mtu.

Pazi #13
Hakuwa padri, mkuu. Mzee Ambilikile Mwasapila alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, kijiji cha Samunge. Alifariki 2021.

Jicho la Mwewe #14
Sawa, mchungaji. Hoja yangu inabaki palepale. Mama yangu mdogo alikuwa na pumu, alikunywa, akakaa muda mrefu bila kubanwa. Hilo mtalifuta kwa vyumba vinne?

Zamu ya Usiku #15
Hatulifuti mkuu, na nafurahi kwamba alipata nafuu. Ila pumu inapanda na kushuka yenyewe. Mtu hafungi safari ya Samunge siku anapumua vizuri. Anaifunga akiwa amebanwa mpaka basi. Kutoka kwenye ubaya ule, mara nyingi kinachofuata ni nafuu, awe amekunywa kikombe, maji ya dafu au hajanywa kitu. Halafu kile alichokunywa katikati ndicho kinachopewa sifa.

Kilichonitoa machozi kipindi kile ni waliokuwa kwenye ARV wakaacha vidonge wakiamini wameshapona. Ukimwi haurudi kesho yake, unakupa miezi ya kujisikia vizuri, na hiyo miezi mtu anaihesabu kama ushahidi.

Chumvi Kilifi #16
Salamu kutoka Kilifi. Bibi yangu goti likimuuma anasema mvua yaja, na sote nyumbani twaanua nguo. Nikasoma kwamba Redelmeier na Tversky mwaka 1996 waliwafuata wagonjwa 18 wa baridi yabisi kwa miezi 15, wakilinganisha maumivu yao na hali ya hewa, wasione uhusiano wowote. Wagonjwa wenyewe waliamini upo. Nikamwambia bibi. Akanijibu mjukuu wangu, goti ni langu au ni la hao?

Daktari wa Mifugo #17
Chumvi, mwombe bibi radhi kidogo. Wagonjwa 18 ni wachache. Mwaka 2019 timu ya watafiti wa Manchester, Uingereza, ilitoa matokeo ya watu zaidi ya 2,600 waliokuwa wanaandika maumivu yao kila siku kwenye simu, huku simu ikijua hali ya hewa ya walipo. Unyevunyevu mwingi na mgandamizo mdogo wa hewa uliendana na maumivu kuongezeka. Si kwa kiasi kikubwa, lakini ulikuwepo.

Ndiyo maana nilisema kule juu tusiwe wepesi wa kuwaambia watu wameota. Kuna nyakati mtu anaona kitu cha kweli kidogo halafu kumbukumbu inakikuza. Kumkatalia chote ni kosa lilelile kwa upande wa pili: umeshaamua kwamba wazee wanakosea, kwa hiyo unazikumbuka tafiti zinazowakosoa tu.

Jicho la Mwewe #18
Daktari pokea soda kwangu. Hilo la mwisho lisomwe na mtoa mada mara mbili.

Binti Usukumani #19
Nimekuwa nasoma kimya, sasa naomba nami niseme, maana wengi hapa mnaongea kama haya mambo yanaishia kwenye goti na mikeka.

Kwetu bibi anapika kwenye kijumba kisicho na dirisha. Kuni zimeisha maporini, kwa hiyo anawasha mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Anainama pale asubuhi na jioni, anapuliza, moshi unamwingia usoni, tangu akiwa bi harusi mpaka uzeeni. Macho yanakuwa mekundu. Hakuna bibi wa rika lile kijijini mwenye macho meupe.

Mtoto akifa, iwe malaria au kuhara, watu wanakwenda kwa mpiga ramli. Anawaambia aliyemloga ni mama mtu mzima, wa karibu, ana macho mekundu. Wanarudi kijijini wanatazama, kweli, jirani ana macho mekundu. Imethibitika! Shinyanga na Mwanza vikongwe wamekatwa mapanga kwa ushahidi huo. Hakuna aliyekaa akahesabu mabibi wangapi wana macho mekundu na wajukuu wa jirani zao wanacheza wazima.

Chumba cha pili cha Mwalimu, kile ambacho hakuna anayekifungua, kwetu kuna watu wamekufa kwa sababu hakikufunguliwa. Kwa hiyo Daktari, nakuheshimu, lakini kuna mahali kutowakosoa wazee ni kuwaua wazee wengine.

Mnazi Mkinda #20
Dada, nimesoma hili nikaweka simu chini kwanza. Asante kwa kulisema.

Konda Mstaafu #21
Na mpiga ramli anajua kabisa ataje alama ambayo kila mmoja anayo.

Ngosha wa Mjini #22
Nimechelewa ila nina la tofauti. Mnadhani watu walisikia bundi, halafu wakachagua cha kukumbuka. Mimi nasema wengi hawakusikia bundi kabisa. Kumbukumbu imetengenezwa pale pale chini ya turubai.

Mwaka 1972, kabla Rais Nixon hajakwenda China, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwataka wanafunzi nchini Israel wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa kutokea kwenye ziara ile, kama vile Nixon kukutana na Mao. Baada ya ziara wakaombwa wakumbuke walichokuwa wamejibu. Kwa mambo waliyoamini yametokea, wengi walijikumbuka kwamba walikuwa na uhakika mkubwa kuliko walivyoandika kwenye karatasi. Hawakudanganya. Matokeo yaliingia kichwani yakapaka rangi mpya jibu la zamani.

Msibani mmoja akisema "jana yule ndege mlimsikia?", wa pili anapekua kichwani, anapata sauti ya usiku fulani, anaibandika jana. Wa tatu hawezi kubaki nyuma. Mnazi, ulisema kwenye #1 bundi wenu analia karibu kila usiku. Sasa je, *usiku ule* alilia? Wewe jirani ulimsikia?

Mnazi Mkinda #23
Ngosha, hapo umenibana. Nilichukulia kwamba alilia kwa kuwa huwa analia.

Mzee wa Mkeka #24
Mnazi kaangushwa kwenye uzi wake mwenyewe 😂

Jicho la Mwewe #25
Mimi wa mjomba nilimrushia mawe, hiyo haikutengenezwa msibani.

Chumvi Kilifi #26
Mimi siiti haya yote makosa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akishtukia ung'ongo amepoteza nini? Pumzi moja. Akidharau nyoka amepoteza mguu. Akili iliyoshtuka bure mara mia ndiyo iliyotuleta hapa, iliyosubiri kufungua vyumba vinne iliishia porini.

Yupo mwanasaikolojia Mjerumani, Gerd Gigerenzer, alibishana kwa miaka na wanasaikolojia wenzake Kahneman na Tversky juu ya hili. Anasema njia za mkato za akili ni zana nzuri kama zimetumika mahali zilipozoea. Lakini yeye huyohuyo alionyesha na gharama yake: baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi walikimbia ndege wakaingia barabarani, na kwa makadirio yake watu kama 1,500 zaidi walikufa kwenye ajali za magari katika miezi 12 iliyofuata. Woga uleule, barabara si porini.

Konda Mstaafu #27
Hilo nililiona mwenyewe. Ile ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022, wakafa watu 19, stendi tulipata abiria ambao kawaida hupanda ndege. Wanakaa siti ya mbele wanasema heri basi. Na dereva huyo amelala saa tatu tu. Nimefanya kazi ya barabara, najua zilipo makaburi.

Pazi #28
Naombeni niwavushe kwenye mpira. Mbona refa kila derby anawabeba Yanga?

Mzee wa Mkeka #29
Anawabeba Simba, wewe ulikuwa unaangalia mechi gani?

Mwl Hesabu #30
Mmejileta wenyewe. Novemba 1951 vyuo vya Dartmouth na Princeton vilicheza mpira wa Kimarekani, mechi chafu, mchezaji nyota wa Princeton akavunjwa pua. Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile, wakawaambia wahesabu rafu. Wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wamefanya rafu mara mbili ya zile walizoziona wa Dartmouth wenyewe. Utafiti ulichapishwa 1954. Filamu moja, macho ya pande mbili.

Pazi #31
Sawa, ila Yanga kweli wanabebwa.

Ngosha wa Mjini #32
Mwalimu, kila ukitaja utafiti ni Norway, Princeton. Nani kakuambia akili ya mwanafunzi wa Princeton ndiyo akili ya binadamu?

Ile michoro ya mistari miwili, mmoja una mishale inayotazama nje na mwingine ndani, mmoja unaonekana mrefu ingawa wako sawa. Marshall Segall na wenzake walichapisha mwaka 1966 vipimo vya jamii nyingi, za Afrika zikiwemo. Wamarekani wa mji wa Evanston walidanganyika sana. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba anayekulia kwenye vyumba vyenye kona amezoeza macho yake kusoma kona. Kama hata mstari tunauona tofauti kwa sababu ya nyumba tulizokulia, basi bundi ndiyo kabisa. Ugiriki bundi ni alama ya hekima, wamemweka hadi kwenye sarafu yao ya yuro moja. Mgiriki akimsikia usiku anaweza kuwaza hekima, si lazima awaze "mtu kafa".

Daktari wa Mifugo #33
Na Malaysia wanamjengea visanduku vya kutagia kwenye mashamba ya michikichi ili ale panya. Hapa tunamuua, halafu tunanunua sumu ya panya.

Mnazi Mkinda #34
Wakuu, napendekeza jambo. Kila mwenye bundi mtaani kwake aweke daftari. Kila asubuhi andika amelia au hakulia, kabla hujasikia habari yoyote. Misiba iandikwe ukurasa mwingine. Baada ya miezi kadhaa tukutane hapa tulinganishe.

Zamu ya Usiku #35
Nzuri, ila anayeandika bundi asijue nyumba gani ina mgonjwa. Na asitegemee masikio, awashe kinasa sauti cha simu, maana mwenye usingizi mzito ataandika "hakulia" kila siku.

Mwl Hesabu #36
Na kabla ya kuanza tukubaliane mipaka. Msiba wa nani? Wa nyumba ile, mtaa, kata? Ndani ya siku ngapi? Mkiacha wazi, bundi akilia leo na wiki tatu baadaye akafa mtu Mbeya mwenye ndugu hapo mtaani, mtasema kapatia.

Jicho la Mwewe #37
Bundi hajui mipaka ya kata, Mwalimu. Analeta habari ya ukoo.

Mwl Hesabu #38
Basi hatakosea kamwe, na kitu ambacho hakiwezi kukosea hakuna daftari litakalokipima.

Binti Usukumani #39
Jicho, kubali mipaka kaka yangu. Mpiga ramli naye hakubali mipaka.

Jicho la Mwewe #40
Haya. Nyumba kumi za balozi, siku saba. Ila kila daftari lishikwe na wawili, mmoja anayeamini na mmoja asiyeamini, na wasaini wote kila asubuhi. Mimi mtaani kwangu nimeshapata wa kukaa naye, mwalimu wa sayansi, mbishi kuliko ninyi wote. Tunaanza Jumatatu.